Mara Kumi Bila Mtu Kugusa

Jumatatu, 12 Mei
Ukungu mpaka saa tano. Upepo hakuna. Muuguzi wa moyo kule hospitali ameniambia niandike kila siku ninachoinua na ninavyojisikia. Nimemwambia nimeandika daftari la boti kwa miaka arobaini na mitano, hali ya hewa, mitego, chambo, na sijawahi kuandika ninavyojisikia. Akasema basi nianze. Leo nimeinua galoni moja ya maziwa. Najisikia kama mtu aliyeinua galoni moja ya maziwa.

Jumanne, 13 Mei
Maziwa tena.

Ijumaa, 16 Mei
Upepo mwepesi wa kusini-magharibi, maji yametulia. Nimetoka na Lacey kwenye boti. Lacey ni binti yangu, na boti ni yake tangu Februari nilipopasuliwa kifua. Tulikubaliana nitakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nitakunywa kahawa, nitanyamaza. Nilinyamaza mpaka mtego wa tatu, nikamwambia pale anapoutupa kambakoche hawafiki mpaka Julai.

"Baba," akasema bila kunitazama, "usukani umeshikwa na nani?"

"Na wewe."

"Na mitego ni ya nani?"

"Yako."

"Haya. Kahawa inapoa."

Ana haki. Baba yangu mimi nilimshusha gatini kwa maneno makali kuliko hayo. Lakini nimerudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi za nyuma mpaka jua likaanza kuzama, na sikutaka kula. Muuguzi alitaka kujua ninavyojisikia. Ndivyo hivyo.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua asubuhi, kisha kukakauka. Nyuma ya banda la mitego kuna kayaki ya manjano, mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, iliyotupwa ufukweni na dhoruba miaka sita iliyopita. Hakuna aliyekuja kuidai, nikaifudikiza juu ya matofali, kuku wakaifanya nyumba. Leo nimewatoa kuku. Hawakufurahi.

Avis alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Huyu ni mke wangu, na haulizi swali ambalo jibu lake analiona.

"Hapana," akasema.

"Sijasema kitu."

"Umewatoa kuku."

Nikamwambia ukweli. Sitaki kazi, wala sitaki kumsumbua Lacey. Nataka kuwa juu ya maji, basi. Nataka kwenda Kisiwa cha Kondoo. Nimetega kukizunguka kisiwa kile maisha yangu yote na sijawahi kukikanyaga, kwa kuwa kando yake ni miamba mitupu na boti haina pa kukaribia. Kayaki inaweza kupenya katikati ya miamba.

Avis alinyamaza muda mrefu. Januari nilianguka jikoni miguuni pake, na ni yeye aliyenibana kifua kwa mikono yake miwili mpaka gari la wagonjwa likafika. Anaruhusiwa kunyamaza muda anaotaka. Tena siwezi kuogelea. Wavuvi wa hapa wengi wetu hatuwezi, maji haya huua kwa baridi kabla ya mtu kuhitaji ujuzi huo.

"Asiyeweza kuipandisha kwenye pikapu peke yake hawezi kujirudisha nchi kavu peke yake," akasema mwishowe. "Mara kumi. Uipandishe hapa, uishushe gatini, uipandishe tena, uishushe hapa. Hiyo ndiyo mara moja. Bila mtu kugusa. Mpaka zitimie kumi usivuke boya jekundu la mlango wa ghuba. Ukisaidiwa hata siku moja, kuku wanarudi kwao."

"Na zikitimia?"

"Zikitimia nitanyamaza."

Tumeoana miaka arobaini na minne na hajawahi kuniahidi kitu kikubwa kiasi hicho.

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kwa mwezi huu. Nimeipima kayaki kwenye mizani ya chama cha wavuvi: ratili hamsini na nne, ukiondoa mavi ya kuku. Daktari ameniruhusu ratili thelathini. Nimejaribu kuikumbatia tumboni nikaishia kuiangusha kwenye bustani ya Avis. Mboga zilizovunjika ni zile anazozipenda.

Jumatano, 4 Juni
Jua. Nimemeza kiburi leo, na nimekimeza kikavu.

Lazima nieleze. Hapa kwetu mvuvi hapandi kayaki. Kayaki ni za watu wa kiangazi, wanaokuja Juni na kuondoka Septemba. Huvuka njia yetu ya boti kwa safu, taratibu, na sisi huwaita matuta, yale ya barabarani. "Tuta mbele, upande wa kulia," ndivyo tunavyoambiana kwenye redio, kisha tunacheka. Na tuta kuu la ghuba hii ni Bi Winslow. Ana miaka sabini na tisa, mwembamba, mfupi, na kila asubuhi ya kiangazi huipandisha kayaki yake kwenye gari dogo la mizigo bila msaada wa mtu. Nimemwona akifanya hivyo miaka ishirini na sikuwahi kuangalia anafanyaje.

Leo niliegesha pembeni nikaangalia. Akafungua bodi la nyuma la gari, akalilaza, akatandika juu yake zulia la bafuni, lile lenye mpira chini. Akainua omo tu, ile ncha ya mbele, akauweka juu ya zulia. Akapumzika. Akazunguka nyuma, akainua tezi, ile ncha ya nyuma, akasukuma. Kayaki ikateleza ndani kama mkate unaoingia tanurini. Hakuna wakati alibeba kitu kizima.

Nikashuka, nikavua kofia. "Bi Winslow, naomba unifundishe hiyo."

Akanitazama kutoka utosini mpaka mabuti. "Wewe ni Orrin. Wa boti ya kijani."

"Ndiye."

"'Tuta mbele, limevaa kofia ya majani,'" akasema kwa sauti yangu, na kwa kweli aliipata. "'Kuna mtu anataka kulisogeza?' Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita, mwezi wa Agosti."

Nikamuuliza aliyasikia wapi.

"Mimi pia nina redio, Orrin. Mtu asiye na redio baharini ni mjinga." Akanyoosha zulia kwenye bodi. "Njoo hapa. Kosa la kwanza la wanaume ni kudhani inabebwa. Haibebwi. Unainua nusu, unapumzika, unainua nusu nyingine. Nusu ya kayaki yako ni ratili ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na daktari amekuruhusu ngapi?"

"Umejuaje kama kuna daktari?"

"Unatembea ukishika kifua."

Amenifundisha saa nzima. Pikapu yangu ni fupi pale nyuma pa mizigo, kwa hiyo amenionyesha chuma cha umbo la T cha kuchomeka nyuma, pale panapofungwa tela, ili tezi ipate pa kulalia. Amenikopesha chuma chake cha zamani na zulia la pili, la waridi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nimeudharau mwiba huu miaka ishirini kwenye redio ya wazi. Nimemwomba radhi. Amesema nimwombe radhi kwa kutandika zulia vizuri.

Jumatano, 11 Juni
Utulivu. Moja.

Ilinichukua dakika arobaini kuipandisha nyumbani na hamsini kuipandisha gatini. Delmont alikuwepo, ndani ya pikapu yake, anakula donati. Delmont ni mchimba chaza mstaafu na rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na hakushusha hata kioo kuniuliza hali. Nikafurahi kwamba hakushusha.

Kwenye kayaki nilikaa kwa woga, nikapiga kafi kuzunguka ghuba mara mbili. Mtu akikaa hivyo anakuwa chini sana, macho yake yanalingana na ya bata. Ghuba ambayo nimeipita mara elfu sijui ngapi ilikuwa mpya.

Ijumaa, 13 Juni
Mbili. Mchungaji wa kanisa letu alikuwa gatini anasoma gazeti.

Ijumaa, 20 Juni
Tatu. Mkanda wa kufungia kayaki ulilia njia nzima kwa upepo, mlio wa kutoboa masikio. Bi Winslow anasema mkanda unasokotwa mara moja kabla ya kukazwa, nao unanyamaza. Nimesokota. Umenyamaza. Laiti kila kitu kingekuwa hivyo.

Jumamosi, 5 Julai
Joto kali, siku mbili sasa. Nimefanya kosa ambalo Lacey anasema lingeweza kufanywa na mvuvi tu.

Jana niliipandisha kayaki vizuri, nusu na nusu. Lakini ile mikanda ya watu wa kiangazi sikuwa na imani nayo, unaikaza kwa mkono basi. Mimi nimefunga mitego kwenye pikapu tangu utoto. Mzigo wa mitego unaukaza kwa kamba na lile fundo la kujivuta lenyewe, unaning'inia kwa uzito wako wote mpaka springi za gari ziugue. Nikaifunga kayaki hivyo hivyo, nikaenda kwenye gwaride la sikukuu, nikaiacha juani kutwa.

Leo asubuhi nilipofungua kamba, ubavu wa chini ulikuwa na mabonde mawili, kila moja lingetosha kuwekwa mkate. Plastiki ilikuwa imelainika kwa jua na kamba imeingia kama kisu kwenye siagi. Nikaenda nayo majini vivyo hivyo. Inakata kushoto. Unapiga kafi kwenda mbele, nayo inataka kwenda kwa jirani.

Lacey alipita na boti akirudi, akazima injini.

"Baba, mbona unazunguka?"

"Naangalia mandhari."

"Umeangalia mandhari ileile mara nne."

Nikamweleza. Alicheka mpaka msaidizi wake akatoka kibandani kuona kuna nini. "Uliifunga kama mitego," akasema. "Baba yangu aliifunga kama mitego."

Nimempigia simu Bi Winslow. Amesema dawa ni joto lilelile lililoiponza: maji ya moto ndani, subira nje. Kwa hiyo alasiri Avis alichemsha maji kwenye lile sufuria kubwa la kambakoche, mimi nikaisimamisha kayaki upande, yeye akamimina polepole, na tukangoja tumekaa kwenye ndoo mbili. Bonde la kwanza lilirudi lenyewe kwa sauti, pu! Avis aliruka, kisha akacheka, na sijamsikia akicheka hivyo tangu Januari. La pili limebaki kidogo. Liache libaki.

Nne. Nimemwuliza Avis kama maji ya moto ni msaada. Amefikiri. Amesema kayaki ilikuwa chini, si juu ya pikapu, kwa hiyo si msaada, ni matibabu.

Jumatatu, 14 Julai
Tano. Delmont na donati.

Jumatano, 23 Julai
Ukungu mzito, sikutoka mbali. Sita. Mchungaji na gazeti. Nimeona ni gazeti la wiki iliyopita.

Ijumaa, 1 Agosti
Saba. Dakika kumi na mbili kupandisha. Nimepitia kwa Bi Winslow kumpelekea kambakoche wanne kutoka kwa Lacey. Ameniambia mumewe ndiye aliyependa kayaki. Yeye alianza mwaka alipobaki peke yake, kwa sababu kayaki ilikuwepo gereji na hakukuwa na mtu wa kumwambia haiwezekani. Miaka yote hiyo nilidhani ni mwanamke tajiri anayecheza. Nilikaa barazani kwake mpaka kambakoche wakaiva, nami sikuwa na haraka.

Jumatatu, 11 Agosti
Upepo ulikuwa unapanda tangu saa tatu, kaskazini-magharibi, wa ghafla ghafla. Nilipaswa kurudi mapema. Nilitaka kufikia nane.

Nilitoka majini salama. Nikatandika zulia, nikainua omo, nikauweka. Sikupumzika. Nikaenda nyuma, nikainua tezi, na katikati ya kuinua upepo ukaja kutoka ubavuni. Kayaki ikazunguka juu ya bodi mithili ya mlango usio na komeo, ikanipiga begani, miguu ikateleza kwenye mwani, nikaenda chini chali. Pumzi ikakatika. Niliona mawingu yanakimbia, na niliwaza jambo moja tu, kwamba Avis ataambiwa na mtu mwingine.

Sijui kama nilikuwa nimeshagusa zege vizuri, Delmont alikuwa amefika. Delmont, mwenye goti la chuma, ambaye kwenda kanisani hutembea dakika kumi kwa mwendo wa dakika tatu. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja kwenye shingo yangu akitafuta mshipa, mwingine umeshika simu.

"Tulia. Usiinuke. Unaumwa wapi?"

"Bega."

"Kifua?"

"Kifua hakina neno."

Akasema kwenye simu, "Avis, ameanguka lakini yuko sawa. Ndiyo. Hapana, si moyo. Anaongea. Ananitukana sasa hivi."

Hapo nikaelewa kwamba simu ilikuwa tayari mkononi kabla sijaanguka. Nikamuuliza. Delmont si mtu wa kudanganya, hana kumbukumbu ya kutosha. Akaniambia yote, tumekaa chini wawili kwenye zege na upepo. Tangu Juni kuna karatasi imebandikwa ofisini kwa chama cha wavuvi, kando ya bei ya chambo. Jina la mtu na siku. Mara nyingi Jumatatu ni Delmont, Jumatano na Ijumaa Mchungaji; wakibadilishana au siku nyingine, yeyote aliye nchi kavu. Kazi: kukaa gatini wakati Orrin anapandisha. Sharti: kutogusa. Avis ndiye aliyebandika.

"Dakika hamsini ile siku ya kwanza," Delmont akasema. "Nilikula donati sita, Orrin. Niliikalia mikono yangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimechimba chaza Januari."

Nikanyanyuka. Nikaipandisha kayaki, nusu na nusu, naye akarudi garini kwake akakaa.

Jumanne, 12 Agosti
Bega limekuwa la zambarau. Sijasema na mtu.

Jumatano, 13 Agosti
Sijasema na mtu. Avis anaweka sahani mezani, nakula, ninaosha sahani. Nimejidhani mwanamume kiangazi kizima, kumbe nilikuwa mtoto anayefundishwa kutembea na kijiji kizima kimenyoosha mikono. Ndivyo ninavyojisikia, muuguzi, kama bado unataka kujua.

Alhamisi, 14 Agosti
Mvua. Nilienda ofisini kwa chama kuivua ile karatasi. Nilikusudia kuichana mbele za watu.

Ina majina ishirini na mawili. Kuna watu pale sijasema nao vizuri tangu ugomvi wa zamani wa mipaka ya mitego. Kuna mtu ambaye nilimkatia kamba ya boya, mitego yake ikapotea, na anajua ni mimi. Jina lake liko mara tatu. Kuna siku tatu zimeandikwa "Lacey," siku ambazo alipaswa kuwa baharini anavua. Na chini, kwa mwandiko wa shule ya zamani, "Bi Winslow, siku yoyote, nina kiti changu."

Niliisoma yote nimesimama. Kisha nikatoka nikaiacha ukutani, nikakaa ndani ya pikapu na mvua inagonga paa, nikalia. Sikulia hospitali. Nililia pale kwa sababu sikustahili hata nusu ya majina yale, na yalikuwepo.

Nyumbani nikamwambia Avis, "Basi hazihesabiwi. Zote nane."

"Kwa nini?"

"Sikuwa peke yangu."

"Nilisema bila kusaidiwa," akasema. "Sikusema bila kuonekana."

"Na ile ya Jumatatu? Delmont alinishika."

Akampigia Delmont hapo hapo, akamuuliza. Nilisikia jibu mpaka nilipokuwa nimekaa: "Mimi nilimshika Orrin. Kayaki sikuigusa."

Nane.

Jumatatu, 25 Agosti
Hewa imeanza kukauka, harufu ya Septemba. Tisa. Nilimpelekea Delmont kahawa kwenye dirisha la gari kabla sijaanza, na nikamwambia aangalie vizuri, maana leo nitaonyesha ufundi. Akasema ufundi ameuona Juni, leo atatazama watu wa kiangazi wakipigana na mahema.

Ijumaa, 5 Septemba
Kumi.

Dakika tisa. Aliyekuwa gatini ni yule niliyemkatia kamba. Nilisokota mkanda wa mwisho, nikaukaza, nikaenda mpaka kwenye kioo chake. Nikamwambia ile kamba niliikata mimi. Akasema anajua. Nikamwambia nasikitika. Akasema mkanda wa mbele umelegea. Haukuwa umelegea, lakini nilienda kuukaza, kwa sababu alihitaji nigeuke, na mimi pia.

Avis ameuona mstari wa kumi kwenye kalenda ya jikoni. Amenyamaza, kama alivyoahidi. Uso wake haukuahidi kitu.

Jumatano, 10 Septemba
Utulivu kamili, kaskazini kidogo, anga safi. Maji kujaa saa tano.

Niliipandisha saa moja asubuhi. Avis alitoka amevaa koti, akaingia kwenye gari lake mwenyewe, akanifuata mpaka gatini. Nilishusha, nikavaa jaketi la kujiokolea, nikakaza kila kifungo mbele yake, hata kile kisichofanya kazi. Nikaingia. Nilipovuka boya jekundu niligeuka. Gari lake lilikuwa palepale.

Ni safari ya saa moja na kitu. Karibu na Mwamba Mrefu sili mmoja, mnyama wa baharini anayetuibia mitegoni, alitoa kichwa, tukatazamana, na sikuwa na mtego wa kumlaumu nao. Kisha nikasikia boti yangu, namaanisha ya Lacey. Aliniona kutoka mbali, akapunguza mwendo mapema kabisa ili wimbi lisinifikie, akapita pole na mkono juu. Alikuwa anatupa mitego upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye kina ambacho mimi sikuwahi kukiamini, na kila uliopanda ulikuwa na kitu ndani. Nilikaa kwenye kayaki nikamtazama akivua mitego minane. Hakuna aliyekuwa juu ya ndoo kumwambia. Anavua vizuri kunishinda. Nimefurahi kuishi mpaka nikaliona hilo, na naliandika hapa kwa sababu mdomoni litanichukua muda.

Nilipenya kati ya miamba miwili, upana wa mlango, na omo ukagusa changarawe. Nikakanyaga Kisiwa cha Kondoo. Kina ukuta mdogo wa mawe ambao sikuujua, kisima kilichofukiwa, na nyasi ndefu. Nilikaa ukutani nikala mkate wenye siagi ya karanga. Kutoka pale unaiona ghuba nzima: kanisa, makaburi, paa la chama, na nyumba yangu. Sikuwahi kuiona nyumba yangu kutoka upande wa bahari nikiwa mahali pasipotikisika. Niliwashukuru watu kwa majina, kwa sauti, hakuna wa kunisikia isipokuwa ndege. Ilichukua muda.

Nilirudi saa tano na nusu. Gari la Avis lilikuwa palepale, kioo kimeshushwa, mikono yake juu ya usukani. Hakuwa na kitabu wala cha kufuma.

"Umekaa hapa muda wote?"

"Masaa manne si muda."

"Ungeenda nyumbani ukapumzika."

Alitazama mbele, si mimi. "Orrin, miaka arobaini na minne nimepanda kule makaburini kila alasiri, kwenye ukuta, mpaka nione boti yako imepita boya jekundu. Nikishaiona nakimbilia nyumbani kabla hujaifunga."

Nikamwambia haiwezekani. Kila siku niliporudi nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Viazi vilikuwa vimemenywa tangu saa sita," akasema. "Nilikuwa naacha kimoja."

Nilisimama pale, maji yakichuruzika kwenye mabuti. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema ningeanza kuwahi kurudi kwa ajili yake, na mtu anayewahi ndiye anayefanya makosa.

Kayaki ilikuwa nusu nchi kavu, nusu majini. Nina nguvu za kuipandisha, nimeshafanya hivyo mara kumi. Nilitandika zulia. Kisha nikarudi dirishani kwake nikamwomba anisaidie.

Akashuka, akavua koti, akauliza ashike wapi. Nikamwonyesha.